NGOZI YA MBUZI WA LEPARUA NA SOKO LA AFRIKA MASHARIKI



Mara kwa mara mnasikia katika redio habari za mapatano ya biashara baina ya nchi na nchi. Mnaambiwa kwamba mawaziri wamekutana Arusha, kwamba nchi nyingine imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwamba Afrika nzima inafanya soko moja, au kwamba bidhaa za Kenya zitaingia Ulaya bila ushuru. Wengi wakisikia hayo husema, "Hayo ni mambo ya wenye viwanda vya Nairobi. Mimi mwenye ekari chache na mbuzi ishirini yananihusu nini?"

Maoni yetu ni kwamba yanakuhusu, tena sana. Twataka kuonyesha jambo hilo kwa kitu kimoja tu, kitu ambacho kila mtu wa Leparua anakijua, na kila mwenye shamba la makazi katika nchi hii anakijua vilevile. Kitu hicho ni ngozi.

Leparua iko katika kaunti ya Isiolo, upande wa magharibi wa mji, nayo yapakana na Lewa. Watu wake wengi ni wafugaji. Ninyi wa skimu mnalima na kufuga pamoja, na hata mwenye shamba dogo hakosi mbuzi wachache. Mbuzi akichinjwa nyumbani, nyama huliwa na mifupa hutiwa katika supu. Lakini ngozi yafanywa nini? Mara nyingi hutupiwa mbwa, au hutandazwa chini juani mpaka ikakunjamana kama jani kavu. Mnunuzi akija, hutoa senti chache, au hakubali kuichukua kabisa. Basi watu husema kwamba ngozi haina thamani.

Ngozi ina thamani. Thamani yake yapotea njiani, na twataka mjue ni mahali gani inapotea, na mapatano ya biashara yanaingiaje katika habari hiyo.

MAANA YA MAPATANO

Nchi ikitaka kulinda viwanda vyake hutoza ushuru wa forodha juu ya vitu vitokavyo nje. Nchi kadhaa zikipatana, huondoa ushuru baina yao, na kuweka ushuru mmoja juu ya vitu vya wengine. Katika Jumuiya yetu Umoja wa Forodha ulianza kazi tarehe 1 Januari 2005. Kwa kawaida vitu ghafi vitokavyo ng'ambo havitozwi kitu, vitu vilivyotengenezwa nusu hutozwa asilimia 10, na vitu vilivyokamilika asilimia 25. Tangu Julai 2022 limeongezwa daraja la nne, la asilimia 35, kwa vitu ambavyo nchi zetu zaweza kujifanyizia zenyewe, na vitu vya ngozi ni miongoni mwake.

Sasa fikirini habari ya kiatu. Kiatu cha ngozi kilichoshonwa Kenya kwa ngozi ya Kenya chaweza kuuzwa Kampala, Kigali au Arusha bila ushuru wa forodha, mradi kina hati inayoonyesha kilikotoka. Kiatu kipya kama hicho kikitoka China hutozwa ushuru mlangoni. Tofauti hiyo ndiyo nafasi ambayo mapatano yametupa. Wala soko lenyewe si dogo. Jumuiya ilianza upya kwa mkataba uliotiwa sahihi mwaka 1999 na nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanzania. Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007, Sudan Kusini mwaka 2016, Kongo mwaka 2022, na Somalia mwaka 2024. Nchi hizo nane zina watu zaidi ya milioni 300, na wengi wao wanataka viatu.

Lakini mlango ukifunguliwa, haumbebi mtu mgongoni kumpitisha. Hupita yule ambaye amekwisha funga mzigo wake.

VIWANDA HUFUATA VIWANDA

Jambo hili si jipya kwetu. Zamani za Waingereza, Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa na soko moja. Vitu vilipita bila ushuru, na watu walidhani kwamba kila nchi itapata sehemu yake. Haikuwa hivyo. Mwenye fedha akitaka kujenga kiwanda hutazama mahali penye reli, umeme, benki, mafundi na wanunuzi. Wakati ule mahali hapo palikuwa Nairobi. Kiwanda cha kwanza kilivuta cha pili, na cha pili kikavuta cha tatu. Kenya ikawa inauza sabuni, saruji, viatu na nguo kwa jirani zake, na jirani wakawa wananunua. Mwaka 1961 tume ya Raisman ililichunguza neno hilo, ikashauri kwamba sehemu ya mapato ya kodi igawiwe Uganda na Tanganyika ili kupunguza tofauti.

Malalamiko hayakwisha. Mwaka 1964 mawaziri walipatana Kampala kugawana viwanda. Tanganyika ipewe kiwanda cha matairi, Uganda kiwanda cha baisikeli, na Kenya kiwanda cha taa za umeme. Mapatano hayo hayakutimizwa. Mwishowe kilijengwa kiwanda cha matairi Nairobi na kingine Arusha, kila kimoja kikitegemea soko ambalo lingetosha kimoja. Jumuiya ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka 1983. Na matairi je? Kiwanda cha Arusha kilisimama kabla ya mwaka 2010, na kile cha Nairobi kikaacha kufanyiza matairi mwaka 2016, kwa sababu matairi ya Asia yaliuzwa rahisi zaidi. Hivyo waliogombania kiwanda kimoja leo hawana hata kimoja katika vile viwili.

Wakubwa wa Jumuiya mpya walikumbuka habari hiyo. Umoja wa Forodha ulipoanza mwaka 2005, vitu vya Uganda na Tanzania viliingia Kenya bila ushuru mara moja, lakini baadhi ya vitu vya viwanda vya Kenya viliendelea kutozwa huko kwa miaka mitano, na ushuru ukipunguzwa kila mwaka. Kenya ilikubali kwa sababu ilikuwa imetangulia mbele.

Yako mafunzo mawili hapa. La kwanza ni kwamba soko likiwa moja, kila mahali huelekea kufanya kazi moja au mbili ambazo pamezizoea. Kenya huuza Uganda mabati, mafuta ya kupikia, sabuni na dawa. Uganda hutuuzia maziwa, mahindi na sukari. Na vitunguu vingi vinavyoliwa Nairobi vyatoka Tanzania, vingine Mang'ola karibu na ziwa Eyasi. Hilo si baya. Kila mtu akifanya kile anachokiweza zaidi, wote hula. La pili ni kwamba anayekwisha zoea kuuza kitu ghafi ataendelea kuuza kitu ghafi, na soko likizidi kuwa kubwa atauza kingi zaidi cha namna ileile, asipofanya bidii ya kubadilika.

Vile Tanganyika ilivyokuwa mbele ya Nairobi mwaka 1961, ndivyo Leparua ilivyo mbele ya Nairobi leo.

MBUZI AONDOKA HAI

Tazameni mnachouza. Mbuzi hununuliwa Leparua, hupelekwa soko la Isiolo, hupakiwa katika lori usiku, na asubuhi amefika Nairobi, pengine katika machinjio ya Kiamaiko. Ameondoka na nyama yake, ngozi yake, pembe zake, matumbo yake na samadi yake. Kazi ya kumchinja yafanywa na mtu wa Nairobi. Ngozi huchukuliwa na mnunuzi wa Nairobi na kupelekwa katika viwanda vya huko. Nyama nyingine ya mbuzi wa Kenya hupelekwa kwa ndege nchi za Ghuba, na Januari 2025 Kenya ilitia sahihi mapatano ya biashara na Falme za Kiarabu. Nyama hiyo ikisafiri, ngozi hubaki papa hapa Kenya.

Ngozi hiyo nayo haifiki mbali katika kazi. Sehemu kubwa ya ngozi ambayo Kenya hupeleka nje ni ile iliyotiwa dawa ya kwanza tu, yenye maji bado na rangi ya samawati. Huko Italia, India au China hukamilishwa, hutiwa rangi, hulainishwa, na kushonwa. Baadaye hurudi kwetu ikiwa mkoba au kiatu, na sisi hulipa kazi ya watu wote walioigusa. Faida kubwa ya ngozi imo katika hatua za mwisho, nasi tumeshika hatua za mwanzo.

Wala nchi nyingine hazikutupendelea. Kwa miaka mingi nchi tajiri zilikuwa na desturi ya kuingiza ngozi mbichi bila ushuru, na kutoza ushuru viatu vilivyoshonwa. Maana yake ni kama kusema, "Leteni ngozi, viatu tutashona wenyewe." Kwa hiyo mapatano yanayoruhusu bidhaa iliyokamilika kuingia bure ni jambo la kushukuru. Mapatano ya Kenya na Jumuiya ya Ulaya yalianza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Lakini yatamfaa nini mtu asiye na bidhaa iliyokamilika?

NANI ALIPA KODI YA NGOZI MBICHI?

Serikali iliona hatari hiyo. Tangu katikati ya miaka ya 2000 imetoza kodi nzito juu ya ngozi mbichi zinazopelekwa nje, ili zibaki nchini zipate kazi viwandani. Uhabeshi ilifanya vivyo hivyo mwaka 2008, na baadaye ikaizuia hata ile ngozi iliyotengenezwa nusu. Mwaka 2012 kampuni ya Kichina ilianza kushona viatu karibu na Addis Ababa. Hata hivyo mauzo ya ngozi ya Uhabeshi hayakufika shabaha iliyowekwa, na moja ya sababu ni kwamba ngozi zilizofika viwandani zilikuwa na makovu na matundu mengi. Sheria yaweza kuzuia ngozi isitoke nchini, lakini haiwezi kuziba tundu la kisu.

Hapa twataka kusema wazi jambo ambalo halisemwi mara nyingi. Kodi hiyo ni nzuri kwa shabaha yake, lakini aliyebeba mzigo wake ni mfugaji. Mnunuzi wa ng'ambo akizuiwa, wanunuzi hubaki wachache, nao wanunuzi wachache hutoa bei ndogo. Kwa maneno mengine, kiwanda kinachopata ngozi rahisi kinalindwa na mtu wa Leparua kwa mfuko wake mwenyewe. Mtu aliyelindwa hivyo ana deni.

Deni hilo hatusemi lilipwe kwa sadaka. Lilipwe kwa kununua ngozi kwa daraja. Leo katika sehemu nyingi ngozi nzuri na ngozi mbovu hununuliwa kwa bei moja, hesabu ikiwa ni kwa kipande. Basi mtu ana sababu gani ya kujisumbua? Anayechuna kwa uangalifu na anayechuna kwa haraka hupata kitu kilekile. Matokeo yake kiwanda hupokea ngozi mbovu na kunung'unika. Kwa sababu ya ubovu huo hutoa bei ndogo. Na kwa sababu ya bei ndogo mfugaji huitupa ngozi. Duara hilo lazima likatwe, na mahali pa kulikata ni kwenye bei.

VIATU VYA MITUMBA

Mtu mwingine atauliza, "Kwa nini tushone viatu, na huku viatu vya mitumba viko sokoni Isiolo kwa bei rahisi?" Swali hilo ni la haki, kwa maana mzazi mwenye watoto wanne hana budi kutafuta kilicho rahisi.

Mwaka 2016 wakubwa wa Afrika Mashariki walikubaliana kupunguza mitumba na kuikomesha kufika mwaka 2019, ili viwanda vyetu vya nguo na viatu vipate kuinuka. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika, na Marekani ikatangaza mwaka 2017 kwamba itaitazama upya nafasi ya nchi zetu kuuza huko bila ushuru. Kenya, ambayo huuza Marekani nguo nyingi zilizoshonwa hapa, ilijitoa katika azimio hilo. Rwanda ilishikilia, na mwaka 2018 ikapoteza nafasi ya kupeleka nguo Marekani bila ushuru.

Hatulaumu aliyeshikilia wala aliyejitoa. Twataka mwone kwamba mapatano ni mengi, nayo huvutana. Umoja wa jirani ulivuta huku, na soko la mbali likavuta kule. Anayeshona nguo Athi River aliokolewa, na aliyetaka kushona viatu kwa ngozi ya Isiolo alibaki kushindana na kiatu kilichokwisha valiwa. Ndiyo sababu wakulima yawapasa kusikiliza habari hizi. Mambo yakipimwa katika mizani, mwenye kunyamaza hana uzito.

Wako pia wasemao kwamba dawa ni kufunga mipaka. Januari 2020 maziwa ya Uganda yalikamatwa Kenya, na Machi 2021 mahindi ya Uganda na Tanzania yalizuiwa kwa siku chache kwa ajili ya sumu ya kuvu. Afya ya watu ni jambo la kulindwa, na chakula kibaya kisiingie. Lakini mlango ukifungwa leo na kufunguliwa kesho, hakuna mwenye fedha atakayejenga kiwanda kwa kutegemea soko la jirani. Ukimzuia Mganda asiuze maziwa, usishangae akizuia mabati yako. Na siku utakapokuwa na kiatu cha kuuza Kampala, utaukumbuka mlango huo.

MKULIMA AFANYE NINI?

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Ngozi huharibika mara tatu: mnyama akiwa hai, anapochinjwa, na baada ya kuchunwa. Mara zote tatu iko mikononi mwako kabla haijafika mikononi mwa mtu wa kiwanda.

Kwanza, mnyama akiwa hai. Usipige chapa ubavuni wala mgongoni, maana hapo ndipo penye ngozi nzuri kuliko pengine pote. Chapa ipigwe shavuni, shingoni au mguuni chini ya goti. Ogesha wanyama kwa dawa ya kupe, maana kila kupe huacha alama ambayo huonekana ngozi ikitengenezwa. Mbuzi mwenye upele atibiwe mapema. Uzio wa seng'enge uliolegea ukazwe au uondolewe.

Pili, wakati wa kuchinja. Mnyama asichunwe juu ya udongo; atundikwe. Pasua kwa mstari ulionyoka katikati ya tumbo na ndani ya miguu. Tumia kisu chenye ncha ya mviringo, kisicho na ncha kali. Kwa mbuzi, kisu kikisha fungua njia, kazi iliyobaki ni ya ngumi, kusukuma baina ya ngozi na nyama. Tundu moja katikati laweza kuishusha ngozi daraja.

Tatu, baada ya kuchunwa. Osha damu na uchafu, na toa nyama na mafuta yaliyobaki. Kama una chumvi, ipake upande wa nyama katika saa chache za kwanza, kiasi cha theluthi ya uzito wa ngozi, na uilaze mahali penye mteremko maji yapate kutoka. Kama huna chumvi, iwambe katika fremu ya miti, chini ya kivuli penye upepo. Usiitandaze chini juani. Jua kali huipika ngozi ndani, na ikilowekwa kiwandani huoza na kutoboka, hata kama kwa macho ilionekana nzima.

Kazi hizo hazihitaji mashine. Zahitaji miti, kamba, chumvi, kisu kizuri na banda la makuti au mabati. Ofisa wa mifugo wa kaunti aweza kuwaonyesha, mwiteni.

Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Mtu mwenye ngozi sita kwa mwaka hawezi kubishana bei na yeyote. Tufanye hesabu ya mfano. Nyumba 200 zikichinja mbuzi sita sita kwa mwaka, hizo ni ngozi 1,200. Ngozi moja nzuri ya mbuzi yaweza kutosha sehemu ya juu ya viatu jozi mbili hivi, kwa hiyo ngozi hizo ni mwanzo wa jozi 2,400, yaani viatu vya shule kadhaa. Zikiwa zimekaushwa vizuri, zimepangwa kwa daraja, na ziko katika banda moja la ushirika, mnunuzi atakuja mwenyewe, na asipokuja yeye atakuja mwingine. Kwa hiyo shauri letu ni kwamba kila skimu iwe na banda moja la ngozi, na watu wa Leparua wawe na lao, na mabanda hayo yaandikiane barua na kuuza pamoja. Mali bila daftari huisha bila habari: kila ngozi iandikwe, ya nani, ya daraja gani, imeuzwa lini na kwa bei gani.

Wanawake wa sehemu hizo wamekwisha onyesha njia. Shanga za kioo wanazotunga, nyingi hutoka Jamhuri ya Czech huko Ulaya, mbali sana na Leparua. Shanga zenyewe si kitu cha hapa, lakini mkono na ufundi ni wa hapa, na mnunuzi hulipa kwa ajili ya mkono huo. Je, ukanda na kiatu cha wazi cha ngozi yetu wenyewe, chenye shanga hizo, visingeuzwa vizuri zaidi? Na mtu mwenye mzigo mdogo asiogope mpaka. Katika Jumuiya, mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani waweza kupita kwa hati rahisi ya asili ya bidhaa, ambayo hutolewa palepale mpakani, mradi ni vitu vilivyomo katika orodha iliyokubaliwa.

WENYE VIWANDA NA SERIKALI NAO

Hatutaki mkulima aachiwe kazi yote. Tumesema kwamba wenye viwanda wanunue kwa daraja. Neno hilo lipewe nguvu: bei ya kila daraja ibandikwe ukutani katika kila banda na kila machinjio, ili hata mtoto wa shule aweze kumsomea babu yake.

Serikali nayo imetenga eneo la viwanda vya ngozi huko Kinanie katika kaunti ya Machakos, na tangu mwaka 2011 kuna Baraza la Maendeleo ya Ngozi. Hayo ni mazuri. Lakini Kinanie iko upande uleule wa Nairobi, na tumekwisha ona jinsi viwanda vinavyofuata viwanda. Hatusemi kwamba kiwanda kikubwa kijengwe Leparua, penye maji machache. Kazi ya kutia dawa ngozi hutumia maji mengi na kutoa maji machafu, na haifai kuharibu mto unaonyweshwa wanyama. Lakini kuchinja, kutia chumvi, kupanga madaraja, na mwisho kushona mikanda na viatu, kazi hizo zaweza kufanywa Isiolo. Barabara ya lami yatoka Isiolo mpaka Moyale, na mwaka 2020 kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa Moyale. Mji ulio njia panda haufai kuwa mahali pa kutazama malori yakipita tu.

Tena nchi za Jumuiya zishike ushuru wa pamoja kama zilivyoahidi. Mara kwa mara nchi moja huomba ruhusa ya kutoza tofauti na wenzake kwa mwaka mmoja, na mwaka ukiisha huomba tena. Ruhusa zikizidi, asilimia 35 iliyoandikwa katika kitabu haiwi asilimia 35 mlangoni, na mshonaji wa viatu hajui atashindana na nani mwaka ujao. Viwanda vya Kenya vilikuwa karibu asilimia 10 ya pato la nchi miaka kumi na zaidi iliyopita. Mwaka 2023 vilikuwa chini ya asilimia 8. Nchi ambayo viwanda vyake vinapungua wakati masoko yake yanaongezeka haina budi kujiuliza inauza nini katika masoko hayo.

Basi, ndugu wakulima, mkisikia tena katika redio kwamba mapatano yametiwa sahihi, msizime. Ulizeni mambo matatu. Je, kitu ninachouza chaingia huko bila ushuru kikiwa kibichi, au kikiwa kimekamilika? Je, nani atashindana nami hapa nyumbani? Na je, hatua gani ya kazi naweza kuiongeza mimi kabla kitu hicho hakijaondoka kwangu? Waulizeni hayo maofisa wenu, waulizeni wawakilishi wenu wa kaunti, na msiondoke barazani bila jibu.

Nayo hatua ya kwanza ya kuongeza haingoji mkutano wa Arusha. Kabla ya mbuzi mwingine kuchinjwa, noeni kisu chenye ncha ya mviringo, kateni miti minne ya fremu, na wekeni chumvi tayari.